Kiwakilishi na Mpaka: Chimbuko la Kosa Moja la Kiingereza Tunduma

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 uliwagawa Wanyamwanga kati ya dola mbili. Baada ya uhuru wa 1964, Zambia ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Tanzania, kuanzia 1967, ilikipa Kiswahili nafasi hiyo katika shule za msingi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tunduma anapoandika "my mother said he is sick", ni rahisi kuilaumu sera ya 1967. Historia ya lugha haiungi mkono hukumu hiyo. Kiswahili, Kinyamwanga, Kinyiha, na hata Kibemba kinachosemwa ng'ambo, Nakonde, ni lugha za Kibantu. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakibainishi jinsia. "Mama anaumwa" na "baba anaumwa" huchukua "a-" ileile. Chimbuko la kosa, basi, ni kongwe kuliko mpaka wenyewe. Masahihisho nayo yaanzie hapo: mwalimu aoneshe kwamba Kiingereza hudai jinsia pale ambapo Kibantu hudai ngeli, kisha amzoeze mwanafunzi kuirejea nomino kabla ya kuchagua "he" au "she". Kumcheka ni kuiadhibu sarufi aliyorithi.