Tofauti za kirangi katika afya ya mama na mtoto nchini Marekani

Tofauti za kirangi katika afya ya mama na mtoto nchini Marekani ni pengo la huduma na vifo kati ya wanawake weusi na weupe, pamoja na watoto wao wachanga. Mwaka 2023, vifo vya uzazi vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake weusi, na 14.5 kwa weupe. Watoto weusi hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha weupe.

Chimbuko la pengo hili ni utumwa na utengano wa hospitali kwa misingi ya rangi. Katika miaka ya 1840, daktari J. Marion Sims wa Alabama aliwapasua wanawake watumwa, wakiwemo Anarcha, Betsey na Lucy, bila dawa ya usingizi, akitafuta tiba ya fistula.

Umaskini pekee hauelezi pengo hili, kwani huwakumba hata wanawake weusi wenye shahada. Visababishi vingine ni malalamiko ya wagonjwa kupuuzwa, kifafa cha mimba, maradhi ya moyo na kuzaa njiti. Vifo vingi vya uzazi huzuilika. Sheria ya mwaka 2021 iliruhusu majimbo kurefusha Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, baada ya kujifungua kutoka siku 60 hadi miezi 12.