Mtaa wa biashara unapimwaje? Mambo matano ya kuangalia zaidi ya umati

- Mtaa kujaa watu siyo lazima mauzo yawe mazuri.
- New York ilitumia kumbukumbu za kodi kujua mtaa upi umekua.
- Bila kupima kabla ya mabadiliko, ubishi hauishi.

Dar es Salaam. Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ukijaa nyomi siku za kuelekea sikukuu, wengi husema biashara imechangamka. Watu wakipungua, husema mtaa umekufa. Lakini mwenye duka anajua kuwa watu wanaweza kujaa mpaka pa kupita hakuna, na jioni akifungua droo akute hela ya kuokoteza.

Tatizo ni kwamba maamuzi makubwa kuhusu mitaa ya aina hii mara nyingi hufanywa kwa kukadiria kwa macho. Magari yazuiwe au yaachwe? Wamachinga wahamishwe au wapangwe palepale? Maegesho yaongezwe? Baada ya hapo kila upande unabaki na hadithi yake, na hakuna namba ya kumaliza ubishi.

Kwa zaidi ya miaka 60 miji mbalimbali duniani imekuwa ikitafuta njia ya kupima mitaa yake mikuu. Haya ni mambo matano ambayo yameonekana kufaa, na mtego ulio ndani ya kila kimoja.

1. Wangapi wanapita

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: kuhesabu wapita njia. Huhitaji mtu ahesabu siku nzima. Njia inayotumika sana ni kusimama sehemu moja, kuhesabu kwa dakika 10, kisha kuzidisha kwa 6 ili kupata makadirio ya saa nzima. Kazi hiyo inarudiwa asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na mwisho wa wiki.

Jiji la Melbourne, Australia, limefunga vihesabio vya watu katikati ya mji tangu 2009. Takwimu za kila saa ziko wazi mtandaoni, na mwananchi yeyote anaweza kuzifungua.

Mtego wake ni kuwa mpita njia siyo mteja. Barabara ya Msimbazi ina vituo vya mwendokasi, na wengi wanaopita pale wanawahi basi tu. Ukiwahesabu wote kama wateja, utajidanganya.

2. Wanakaa muda gani

Novemba 1962, jiji la Copenhagen, Denmark, liliufunga mtaa wake mkuu wa maduka, Strøget, usipitishe magari. Wenye maduka waliogopa kwamba magari yakiondoka, wateja nao wataondoka.

Mbunifu majengo Jan Gehl alianza kufuatilia watu wanachofanya katika mitaa ya jiji hilo. Vipimo vikubwa vilifanyika 1968, 1986 na 1995. Kati ya 1968 na 1995, idadi ya wanaotembea haikubadilika sana, kwa sababu mtaa ulikuwa tayari umejaa. Kilichopanda ni watu waliosimama, waliokaa na waliopumzika: waliongezeka zaidi ya mara tatu, sambamba na kuongezeka kwa maeneo yasiyo na magari.

Yaani, anayehesabu wapita njia peke yao angesema hakuna kilichobadilika.

Marekani nako, William H. Whyte alitumia kamera miaka ya 1970 kuchunguza viwanja vya wazi vya New York. Katika kitabu chake cha 1980 alionyesha kwamba watu hukaa pale penye pa kukaa. Inaonekana ni jambo dogo, ila viwanja vingi vilikuwa vimejengwa bila kulizingatia.

Kwa mitaa yetu, hapa ndipo vinaingia kivuli, benchi, maji ya kunywa na choo. Mteja aliyechomwa na jua au aliyebanwa na haja haendelei kulinganisha bei, anatafuta usafiri arudi nyumbani.

Mtego: kukaa muda mrefu siyo kununua. Wapo wanaokuja kusafisha macho tu.

3. Wanafika kwa njia gani

Wafanyabiashara wengi huamini wateja wao wanakuja na magari, kwa hiyo maegesho yakiguswa wanapinga.

Mwaka 2006 shirika la Sustrans lilifanya uchunguzi katika mitaa ya maduka mjini Bristol, Uingereza. Wenye maduka walikadiria kuwa asilimia 41 ya wateja wao huja na gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, ilikuwa asilimia 22. Waliokuja kwa miguu walikadiriwa kuwa asilimia 42, kumbe walikuwa 55.

Siyo kwamba wenye maduka walidanganya. Mteja mwenye gari anaonekana, anapiga honi, analalamika kukosa pa kuegesha. Anayetembea kwa miguu ananunua na kuondoka kimya.

Mtego: namba za Bristol ni za Bristol. Kariakoo kuna mteja anayeshuka kwenye daladala, anayeletwa na bodaboda, na anayetoka mkoani au nchi jirani kufunga mzigo wa jumla. Huyu wa mwisho anaweza kuwa mmoja kati ya wengi, lakini mzigo wake ukazidi wa wateja wa rejareja kumi. Ndiyo maana kuuliza idadi hakutoshi, lazima kuuliza pia amenunua kiasi gani.

4. Hela inazunguka kiasi gani

Mwaka 2012 idara ya usafiri ya jiji la New York ilitoa ripoti iliyotumia kumbukumbu za kodi ya mauzo. Katika Barabara ya 9, Manhattan, ambako njia ya baiskeli iliyotenganishwa na magari ilianza kuwekwa 2007, mauzo ya biashara za wenyeji katika sehemu iliyopimwa yalipanda hadi asilimia 49. Manhattan nzima yalipanda asilimia 3.

Hiyo namba ya pili ndiyo yenye uzito. Bila kulinganisha na eneo lote, mtu angeweza kusema mauzo yamepanda kwa sababu uchumi wote umepanda. Pia kupanda kwa mauzo hakuthibitishi peke yake kwamba ni njia ya baiskeli iliyosababisha, lakini angalau inafuta hofu kwamba ingeua biashara.

Tanzania ina risiti za mashine za EFD, ambazo zinaweza kufanya kazi kama hiyo zikijumlishwa kwa mtaa mzima bila kutaja duka la mtu.

Mitego hapa ni miwili. Kwanza, mfanyabiashara akiulizwa mauzo yake anaweza kudhani ni mtego wa kodi, akapunguza namba. Pili, mmachinga na mama lishe hawana mashine. Wamachinga walipoondolewa maeneo yasiyo rasmi mijini Oktoba 2021, mauzo yao hayakuwa kwenye kumbukumbu yoyote ya risiti. Mtaa unaweza kuonekana umepanda kwenye karatasi huku riziki za watu zikiwa zimehama au zimepotea.

5. Fremu tupu na watu wanaoumia

Fremu zisizo na mpangaji ni dalili ambayo kila mtu anaweza kuiona. Ripoti hiyohiyo ya New York ilionyesha kuwa upande wa kaskazini wa Union Square, baada ya eneo hilo kupangwa upya, nafasi za biashara zilizo wazi zilipungua kwa asilimia 49, wakati Manhattan nzima ziliongezeka kwa asilimia 5.

Kariakoo dalili nyingine ni bei ya fremu yenyewe: kodi ya pango, na kilemba anachodaiwa mpangaji mpya ili apate nafasi. Kilemba kikishuka, soko linazungumza kabla ya takwimu za serikali.

Mtego: fremu iliyofungwa inaweza kuwa stoo iliyojaa bidhaa, na kodi ikipanda sana inaweza kuwafukuza walioufanya mtaa upendwe.

Halafu kuna usalama. Katika Barabara ya 9, majeruhi wa ajali kwa watumiaji wote wa barabara walipungua kwa asilimia 58. Mtaa unaouza sana huku ukigonga watu hauwezi kuitwa mtaa unaofanya vizuri.

Mtihani wa Kariakoo usiku

Kariakoo ina sababu ya kuanza kupima sasa. Soko kuu liliungua Julai 10, 2021. Mei 2023 na Juni 2024 wafanyabiashara walifunga maduka kulalamikia masuala ya kodi. Februari 2025 ukazinduliwa mpango wa biashara kwa saa 24.

Mpango huo unaweza kuamuliwa kwa macho kama kawaida: mmoja apite saa tatu usiku aone taa, aseme umefanikiwa, na mwingine apite saa nane aone milango imefungwa, aseme umeshindwa. Au unaweza kuamuliwa kwa maswali matano yaleyale. Wangapi wanapita kila saa ya usiku? Wanakaa? Wanarudi nyumbani kwa usafiri gani? Mauzo ya usiku ni mapya, au ni ya mchana yaliyosogezwa? Wangapi wameibiwa au kugongwa?

Anza na simu yako

Umoja wa wafanyabiashara wa mtaa mmoja unaweza kufanya kazi hii bila mtaalamu:

- Chagueni sehemu moja na siku mbili, ya kazi na ya wikiendi.
- Hesabuni dakika 10 kila saa, mkitenganisha wanaopita na waliosimama au kukaa. Programu ya kuhesabia kwenye simu inatosha.
- Waulizeni wateja wanaotoka madukani: umefikaje, na umetumia kiasi gani leo?
- Hesabuni fremu zilizo wazi, zilizofungwa na zilizo stoo. Wahesabuni pia wamachinga na mama lishe.
- Rudieni mwezi uleule mwaka unaofuata, na mpime mtaa wa jirani ambao haujaguswa.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo huachwa mara nyingi, na bila hiyo nyingine hazina nguvu. Kipimo cha kabla hakiwezi kurudishwa nyuma: greda likishaingia au vibanda vikishavunjwa, muda wa kuhesabu hali ya zamani umekwisha.