Utambuzi wa Sauti za Lugha kwa Mtoto wa Chekechea

Mtoto wa miaka mitano akiambiwa aseme "mayai" huku akipiga kofi kwa kila silabi, naye akapiga makofi matatu, ameonyesha stadi isiyohitaji kitabu wala kalamu. Ametambua kwamba neno limejengwa kwa sauti, na kwamba sauti hizo zinaweza kutenganishwa. Kwa Kiingereza stadi hiyo huitwa phonological awareness. Ni miongoni mwa dalili za mapema za jinsi mtoto atakavyojifunza kusoma, ndiyo maana hupimwa kabla hajaingia darasa la kwanza.

Tuiiteje? "Ufahamu wa fonolojia" ni tafsiri ya karibu, lakini shuleni kwetu ufahamu ni zoezi la kusoma habari na kujibu maswali. Mwalimu akilikuta neno hilo kwenye fomu atatafuta kifungu cha kusomwa. Fonolojia nayo ni somo la chuo kikuu. "Utambuzi wa sauti" ni bora zaidi, ila siku hizi hutajwa pia kwa simu inayomjua mwenyewe akizungumza. Napendekeza utambuzi wa sauti za lugha. Ni istilahi ndefu kidogo, lakini haimpotoshi mtu.

Ugumu mkubwa uko kwenye maswali yenyewe. Vipimo vingi vya Kiingereza humtaka mtoto asikilize miisho ya maneno: cat na hat yanafanana, ball halifanani. Tafsiri maneno hayo upate paka, kofia na mpira. Yote matatu yanaishia kwa a, na swali limekufa hapo hapo. Kipimo cha stadi hii hakitafsiriwi. Hutungwa upya kutokana na sauti za lugha ya mtoto.

Kwa Kiswahili, pa kuanzia ni silabi, kwa kuwa nyingi huishia kwa irabu na mtoto huzisikia waziwazi: sa-ma-ki, ki-ta-bu. Baadaye aulizwe, "Sema kitabu. Sasa liseme bila ki." Akijibu "tabu", amepiga hatua kubwa. Lakini mtungaji awe macho. "Mbwa" lina silabi mbili, m na bwa, na mkazo unaangukia hiyo m. "Ndizi" nalo lina mbili, ndi na zi, kwa sababu n yake haisimami peke yake. Asiyeijua tofauti hiyo atamkosesha mtoto aliyepatia. Mwanzo wa "ng'ombe" nao ni sauti moja tu, hata kama jicho linaona n, g na kibainishi.

Zipo zana zinazojulikana za kupima usomaji, kama EGRA (Early Grade Reading Assessment), iliyoanza kutengenezwa mwaka 2006. Hiyo ni ya madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, na baadhi ya sehemu zake humpa mtoto sekunde 60. Kumwekea saa mtoto wa chekechea ni kupima woga wake. Yeye apimwe kwa mdomo, kwa picha na kwa mchezo, tena kwa lugha anayoisema nyumbani. Aliyejifunza kutenganisha sauti kwa Kisukuma au Kikamba huja na stadi hiyo hiyo kwenye Kiswahili.

Walimu wa awali, anzeni na makofi hayo. Herufi zije baadaye.