Vipande vya Nguo katika Historia ya Vazi Letu

Katika nyumba nyingi za nchi yetu nguo haitupwi maadam ingali na sehemu nzima. Shati lililochakaa ukosi hufumuliwa, ukosi ukageuzwa na kushonwa upya. Suruali ya kaka hukatwa miguu ikawa kaptura ya mdogo wake. Hata mabaki yaangukayo chini ya cherehani ya fundi huokotwa, yakaungwa kuwa foronya au gauni la mtoto. Wapo wanaoyaona mambo haya kuwa ni alama ya umaskini tu, wala hayastahili kuhesabiwa katika utamaduni wa taifa. Sisi hatukubaliani nao. Tukiichunguza historia ya mavazi yetu tutaona kwamba kuunga vipande ni njia mojawapo ambayo kwayo watu wetu waliigeuza nguo ya mgeni ikawa yao.

Kwanza yafaa tukumbuke kuwa zamani nguo ilikuwa kitu cha thamani kubwa. Huko Kilwa wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vidogo vilivyotumika kusokotea uzi, na huko Ufipa mafundi walifuma nguo za pamba kwa mitambo ya miti. Pamba ilichambuliwa, ikasokotwa, ikatandwa na kufumwa, yote kwa mikono. Mtu aliyejua jasho lililoingia katika upande mmoja wa nguo hakuweza kuuacha uoze kwa sababu ya tundu moja.

Katika karne ya 19 mambo yalibadilika. Mkataba wa biashara ulifanywa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, na majora ya nguo za pamba kutoka viwanda vya nchi hiyo yakamiminika Unguja. Watu wakaziita merikani. Misafara iliyokwenda bara ilizitumia kama fedha, kwa kulipia hongo na kununulia chakula. Hata hivyo, wingi wa nguo haukuleta usawa. Watumwa walivaa merikani na kaniki, na mavazi hayo yaliitangaza hali yao kabla hawajatamka neno.

Ndipo ilipokuja leso. Hiki kilikuwa kitambaa cha mraba chenye nakshi, na jina lake limetokana na Kireno. Leso zilifika zikiwa katika jora, na muuzaji alizikata mojamoja. Wazee wa pwani husimulia kwamba katika nusu ya pili ya karne hiyo wanawake walianza kununua leso sita zikiwa hazijatenganishwa. Walizikata katikati, wakapata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakaviunga ubavu kwa ubavu, wakapata nguo pana ya kujifunga. Wengine walichagua leso za nakshi mbalimbali, wakaziunga kama walivyopenda. Wafanyabiashara walipoona hivyo waliagiza nguo iliyochapwa ikiwa nzima kwa upana uleule. Hiyo ndiyo kanga, ambayo mpaka leo wengi huko Mombasa wanaiita leso. Kwa hiyo kiwanda ndicho kilichoifuata sindano ya mwanamke. Na utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliopata uhuru waliiacha kaniki wakavaa kanga, ili mtu asiwatambue tena kwa vazi la unyonge.

Kanga nayo ikichakaa haifi mara moja. Huwa mbeleko, kisha winda la mtoto mchanga, kisha kata ya kubebea mtungi, kisha tambara la kudekia. Kipande cha mwisho husokotwa kikawa utambi wa koroboi, au hufungwa pamoja na vingine kikawa mpira wa watoto.

Lakini tusidanganyane. Si kila kiraka kilishonwa kwa hiari. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 manowari za Waingereza ziliifunga pwani yetu, nguo zikaadimika, na watu wakarudia kusokota na kufuma pamba kwa mikono. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nguo ziliadimika tena madukani, na watu wakapanga foleni kungojea doti moja ya kanga. Waliovaa viraka siku hizo hawakuvifurahia. Tunachowasifu si ufukara wao, bali ujuzi uliowawezesha kujisitiri na kuwasitiri watoto wao.

Serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa mwaka 1984, mitumba ilianza kuenea, na leo imejaa katika masoko yetu. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Je, nguo iliyokwisha kuvaliwa ng'ambo inaweza kuwa yetu? Jibu limo katika historia ya leso. Anayeinunua na kuivaa kama ilivyo amepokea tu. Anayeifumua, akaipima upya mwilini mwake na kuikata apendavyo, amefanya kazi ileile waliyoifanya mabibi zetu. Hatari iliyopo ni kuwa bei ya mtumba ikiwa ndogo kuliko ujira wa fundi, watu huona afadhali kununua nyingine kuliko kushona, na ujuzi wa sindano hupotea kimyakimya.

Walimu wanaweza kuanzia hapo. Mwanafunzi na alete darasani nguo moja kuukuu ya nyumbani kwao, aichunguze mishono yake, na amwulize bibi au mama ni nani aliyeishona, mwaka gani, na kwa sababu gani. Majibu atakayopewa ni sehemu ya historia ya taifa ambayo haijaandikwa bado. Kisha na apewe uzi na sindano, aitie kiraka palipotoboka.