Neno "Majimbo" na Katiba ya Kenya ya 1963



Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyopata kuingia katika maandishi ya Kiingereza kuhusu sheria na siasa bila ya kutafsiriwa. Mojawapo ni majimbo. Waandishi wa historia ya Kenya huliacha kama lilivyo, na wengine hulipachika kiambishi tamati cha kigeni ili litaje itikadi nzima. Mhadhara huu unakusudia kuichunguza katiba iliyolipa neno hilo uzito wake, kisha kulifuata neno lenyewe baada ya katiba hiyo kuvunjwa.

Kimsingi, jimbo ni sehemu ya nchi au ya taasisi yenye mipaka inayotambulika. Tanganyika ya wakoloni ilikuwa na Jimbo la Ziwa na Jimbo la Kati. Tanzania ya leo ina majimbo ya uchaguzi, na Kanisa Katoliki nchini humo lina majimbo ya maaskofu wake. Katika matumizi hayo hamna dokezo lolote kwamba sehemu inayo haki ambayo kitovu hakiwezi kuinyang'anya. Maana hiyo ililetwa na mabishano ya Wakenya.

KANU na KADU zilianzishwa mwaka 1960. KADU, iliyoongozwa na Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi miongoni mwa wengine, ilibeba hofu ya jamii ndogo: kwamba mkoloni akiondoka, jamii kubwa zilizoshikamana katika KANU zingeshika serikali na kugawa ardhi zilivyopenda. Hofu hiyo haikuwa ya kupuuzwa, ingawa baadhi ya walowezi waliishabikia kwa sababu zao wenyewe. Mapatano yaliyofikiwa katika mikutano ya Lancaster House, London, yalizaa katiba yenye sura mbili.

Sura ya kwanza ilikuwa ya kibunge. Gavana Mkuu alimwakilisha Malkia, lakini utendaji ulikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu na mawaziri wake, ambao walidumu madarakani kwa kadiri walivyoaminiwa na Baraza la Wawakilishi. Sura ya pili ilikuwa ya shirikisho. Nchi iligawanywa katika mikoa saba, mbali na Nairobi, na kila mkoa ukawa na bunge lake na rais wa bunge hilo. Ngala aliongoza bunge la Pwani, Moi la Bonde la Ufa.

Sura hizi mbili hazikuwa na nguvu sawa. Katika mfumo wa kibunge, chama chenye wabunge wengi hushika kutunga sheria na kuzitekeleza kwa pamoja. KANU iliposhinda uchaguzi wa Mei 1963, Jomo Kenyatta alipata vyote viwili. Mikoa nayo ilitegemea sana fedha za kitovu, na serikali haikuwa na haraka ya kukabidhi mamlaka ambayo katiba iliyaagiza. Kilichobaki kuilinda mikoa ni Seneti, yenye wajumbe 41: mmoja kwa kila wilaya, na mmoja wa Nairobi. Vifungu vilivyohusu mikoa havikuweza kubadilishwa bungeni ila kwa robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Kwa hesabu, maseneta watano tu wangetosha kuzuia.

Kufuli hilo, basi, lilikuwa la chama kuliko la sheria. Serikali ilikwisha kutangaza kwamba Seneti ikikataa, wananchi wangeulizwa kwa kura ya maoni. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kujiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri yenye rais mtendaji. Mwaka 1965 kiwango cha kurekebisha katiba kilishushwa hadi asilimia 65, na mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na bunge la chini.

Inafaa kutua kidogo Pwani. Ukanda wa maili 10 ulikuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, na wapo waliotaka Mwambao ujitawale. Makubaliano ya Oktoba 1963 yaliuingiza Kenya, kwa ahadi kwamba mahakama za Kadhi zingehifadhiwa. Bunge la Pwani lilitoweka. Mahakama hizo zimo hata katika katiba ya 2010. Ulinzi uliohusu ndoa, talaka na mirathi haukumnyang'anya mtawala hazina wala polisi, na kwa maoni yangu ndiyo maana ulidumu.

Neno majimbo halikuzikwa na katiba yake. Mwaka 1991, vyama vingi vilipodaiwa, lilisikika tena katika mikutano ya hadhara ya Bonde la Ufa, safari hii likiambatana na vitisho dhidi ya walioitwa wageni, na machafuko yakafuata. Tangu hapo, msikilizaji wa Kenya alipolisikia hakuwaza mgawanyo wa mamlaka pekee. Aliwaza pia kufukuzwa. Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47 na kuirejesha Seneti, ingawa chini ya rais na si Waziri Mkuu, Wakenya waliokoa wazo kwa kubadilisha istilahi: wakasema ugatuzi. Ng'ambo ya mpaka, Watanzania husema ugatuaji wa madaraka, na jimbo kwao lingali mahali anapotoka mbunge.