Ziwa na Majina Yake

Kwa miaka mingi mtoto wa Mwanza alifundishwa darasani kwamba ziwa analochota maji liligunduliwa na Mwingereza John Hanning Speke, tarehe 3 Agosti, 1858. Alikariri, akaandika katika mtihani, akapata alama. Hakuna aliyemwuliza babu zake walikuwa wakivua wapi siku hiyo.

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, sentensi kama hiyo ilianza kuonewa haya. Lakini kufuta sentensi moja na kukaririsha nyingine si kubadili njia ya kufundisha. Sisi twaona afadhali sentensi ile mbovu iletwe darasani, ihojiwe. Speke mwenyewe aliandika kwamba habari za ziwa alizipata Kaze, ndiyo Tabora, kwa wafanyabiashara Waarabu. Na safarini alifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuuzwa utumwani hata akafika Bara Hindi. Basi mwanafunzi na aulize: aliyeonyeshwa njia amegundua nini? Aulize na majina. Waganda huliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Speke akalipa jina la malkia wake, ambaye hakupata kuliona.

Hazina kubwa zaidi i karibu. Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945. Kwa kuwa haikuchapishwa katika lugha hiyo, aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Wengi huisoma kama habari ya mume na mke waliokosa mtoto, na ndivyo ilivyo; lakini mna humo kilimo, uvuvi, uganga, na pombe ya ndizi aliyotozwa Myombekere na wakwe zake. Mwalimu wa historia asimwachie mwenzake wa Kiswahili kitabu hiki peke yake.

Wanafunzi na wachukue sura moja, waisome mbele ya wazee wa Ukerewe. Wazee watapingana, wengine watampinga hata Kitereza. Mwalimu asiharakishe kuamua. Kauli zote na ziandikwe, kila moja pamoja na jina la mzee, kijiji chake, na nani aliyemsimulia.