Kwa moto kutoka Luano mpaka Kundelungu: njia, majira na hatari

Kila siku moto zinapita upande wa uwanja wa ndege wa Luano, mjini Lubumbashi, zikifuata njia ya Kasenga. Wengi wanaenda kutafuta mahindi, makala ao asali. Wachache wanaenda mbali zaidi, kuangalia Kundelungu na maporomoko ya Lofoi. Safari hiyo ni nzuri sana, lakini si ya kuanza asubuhi moja bila kujitayarisha.

Kundelungu ni nini?

Kundelungu ni uwanda wa juu katika jimbo la Haut-Katanga. Upande wa magharibi kuna bonde la mto Lufira, upande wa mashariki kuna nchi ya mto Luapula na ziwa Mweru. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Juu ya Kundelungu fasi zingine zinafika mita 1,700. Bonde la Lufira liko chini zaidi kuliko mji. Ndiyo maana mwenye moto anashuka na kupanda, na hewa inabadilika njiani: chini joto, juu baridi na upepo.

Jina hili linajulikana hata na watu ambao hawajafika kule. Wanajiolojia walilipa tabaka kubwa za mawe ya Katanga, nchi ya shaba.

Mbuga ya taifa ya Kundelungu iliundwa mwaka 1970 na inasimamiwa na ICCN. Mto Lofoi unatoka juu ya uwanda na kuanguka kwa zaidi ya mita 300 ndani ya korongo, kisha unakwenda kuingia Lufira. Maporomoko hayo yanahesabiwa kati ya marefu ya Afrika. Maji ya Lufira yenyewe yanafika Lualaba, ndiyo kusema mto Congo. Sehemu nyingine ya mto huo huo inaleta umeme: bwawa la Mwadingusha linafanya kazi tangu mwaka 1930.

Kinachoonekana njiani

Barabara ya taifa namba 5 inatoka Lubumbashi, inapita Kasomeno na kuendelea mpaka Pweto. Uwanda wa Kundelungu uko upande wa kushoto wa njia hiyo, na ni barabara za udongo ndizo zinapanda kule.

Mwanzoni msafiri haoni pori kubwa. Miti ya miombo karibu na mji imekatwa sana juu ya makala na mashamba. Kumebaki vichaka na miti midogo. Kadiri anavyoenda mbali, miti inakuwa mirefu na vijiji vinapungua. Juu ya uwanda miti inakwisha karibu yote. Kunabaki majani, upepo na kimya. Mtu aliyezoea makelele ya mjini anaweza kusikia injini yake peke yake kwa muda mrefu.

Majira: mwezi gani?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Mvua inanyesha kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 ao wa 4. Wakati huo Lofoi ina maji mengi, lakini udongo unateleza na vijito vinafunga njia. Mwishoni mwa kipwa, mwezi wa 9 na wa 10, njia imekauka lakini maji ya maporomoko yamepungua sana, na moshi wa pori linalochomwa unaficha milima. Mwezi wa 5 na wa 6 ndio wenye faida pande zote mbili: njia imeanza kukauka na maji bado yapo. Lakini usiku ni baridi kali. Blanketi na koti ni vya lazima.

Mbele ya kuondoka

Moto ya 125 inakunywa karibu lita 2 mpaka 3 za mafuta kwa kilomita 100, na zaidi kwenye mlima ao ikibeba watu wawili. Mtu ahesabu kwenda na kurudi, kisha aongeze akiba ndani ya bido inayofungwa vizuri. Tyubu ya akiba, pampu, plagi, waya wa kluchi na funguo za kufungulia magurudumu vibebwe pia, maana fundi ni wachache kule.

Kwenye mteremko, motari mwenye uzoefu hazimi injini ili abane mafuta. Anaweka vitesi vya chini na kuacha injini imsaidie kushika moto, breki zisipate moto kupita kiasi.

Kofia ya moto si ya polisi tu. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali unaonyesha kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Abiria naye inamhusu. Mtu akianguka mbali hivi, hospitali kubwa iko nyuma yake, masaa mengi.

Karatasi za moto na kitambulisho viwe mkononi. Ruhusa ya kuingia mbugani inaombwa ICCN mbele ya safari. Habari za usalama ziulizwe kila mara, zaidi kwa anayetaka kuendelea kaskazini: eneo la kati ya Mitwaba, Manono na Pweto liliwahi kuitwa pembetatu ya kifo juu ya vikundi vya silaha. Kupiga picha karibu na uwanja wa ndege ao kizuizi cha askari kunaweza kuleta matatizo, heri kuacha.

Kijijini, mgeni anaanza kwa shefu. Anamsalimia, anamwambia anatoka wapi na anaenda wapi. Si heshima tu: siku moto ikikwama, ni shefu huyo atakayejua kwamba kuna mtu hajarudi, na atatuma vijana kumtafuta. Nyumbani pia aache jina la njia na siku ya kurudi, maana fasi nyingi simu haishiki.